Taazia kwa Miguu Iliyolowa

Nilitawadha kwenye mtungi wa samaki. Nianze na hilo, kwa sababu habari yako ukichelewa kuisimulia wataisimulia wenzako, na pale sokoni Zhanxi walikuwapo walioanza kuisimulia kabla sijakauka.

Hakuna aliyenisukuma. Hakuna aliyeniwekea dau, ingawa kwa historia yangu ungedhani lilikuwapo. Niliingia mwenyewe kwenye ua wa hekalu la Mabudha, hekalu kongwe kuliko ukoo wetu wote tukijipanga mstari mmoja, nikaona mtungi mkubwa wa kauri umejaa maji, na kata ya plastiki imening'inizwa ukingoni. Nikavua raba, nikavua soksi, nikakunja suruali hadi magotini, nikaanza. Viganja, mdomo, pua, uso, mikono, nikapaka kichwa. Mguu wa kulia niliumiminia maji kwa kata, kistaarabu kabisa. Mguu wa kushoto uvivu ukanishika, nikauinua nikautumbukiza mzimamzima. Hapo jani la yungiyungi likatikisika, na kitu chekundu kikapita chini yake kwa mwendo wa mchuuzi aliyeona mgambo.

Mtu akinisoma mpaka hapa atadhani mimi ni kijana wa ibada. Niwe mkweli. Alfajiri mama huniamsha kwa kunivua shuka, nami humjibu kutoka usingizini kwamba nimeshaswali. Kwa hiyo udhu wangu bora kuliko wote, udhu ambao hata maalimu wa chuo cha Kurani nilichosoma Dar angeusifu, nimeutia kwenye makazi ya samaki, ndani ya hekalu la watu, siku ambayo nilikuwa na kazi moja tu. Na kazi hiyo haikuwa kunawa.

Kazi yangu ilikuwa kuwa mdomo wa mama.

Mama anauza viatu vya watoto. Ananunua Zhanxi, mzigo unashuka bandari ya Nansha kupanda meli, na baada ya majuma kadhaa ya kuomba dua na kupiga simu, watoto wa Temeke wanakwenda shule miguu ikiwa imesitiriwa. Tunaishi huku huku Uchina, mtaa wa Xiaobei, mimi na yeye. Mimi nasoma shule ya Kichina, ndiyo maana Kichina changu kimenyooka, hasa kwenye matusi. Cha mama kimebaki cha sokoni: duoshao, yaani kiasi gani; tai gui, ghali mno; bu yao, sitaki. Kwa maneno hayo matatu amejenga nyumba. Lakini jaribu kumpa mfiwa pole kwa maneno hayo. Kiasi gani, ghali mno, sitaki.

Duka tunalochukulia mzigo lilikuwa la baba na binti yake. Binti ndiye bosi. Mimi namwita Ayi, kama Wachina wanavyomwita mwanamke wa umri wa shangazi, na mama anamwita hivyo hivyo ingawa ni mdogo kwake. Baba yake, ambaye mimi nilimwita Babu kwa Kiswahili na akaitikia, alikuwa mzee mwembamba aliyekaa kwenye kigoda mlangoni na chai yake ndani ya chupa iliyowahi kuwa na jamu. Kazi yake ilikuwa kupinga. Binti akikubali bei, mzee anakataa. Binti akikataa, mzee anashangaa kwa nini mteja anaonewa.

Mimi na yeye tulicheza sataranji ya Kichina juu ya katoni iliyogeuzwa. Alikuwa mwizi. Aliiba vipande vyangu nikigeuka kupisha mkokoteni, na mimi niliiba vyake akiinua chupa kunywa, na sote tulijua. Mchezo uliisha pale ubao ulipobaki hauna askari wa kutosha kuendelea na vita, ndipo kila mmoja alitoa mfukoni alichonacho, tukahesabu, tukatangaza mshindi. Sikuwahi kushinda. Mfuko wake ulikuwa mkubwa.

Mama alimpenda kwa sababu nyingine. Adhuhuri Zhanxi si mahali pa kuswali; ukisujudu vibaya mkokoteni unakupita mgongoni na mwenye mkokoteni anakudai njia. Siku moja, zamani, mama alikuwa anazungukazunguka dukani akitafuta pembe, na yule mzee, bila kuambiwa neno, akasogeza maboksi, akachana katoni mpya, akaitandaza upande safi ukiwa juu. Kisha akahamisha kigoda chake akakaa njiani, mgongo kwa mama, uso kwa wateja, akawazuia wote mpaka mama alipotoa salamu. Tangu hapo ikawa kila adhuhuri.

Mama aliniambia nimwambie ahsante. Nilimwambia, "Mama anasema katoni ya kesho iwe nene kidogo, magoti yanamuuma." Kesho yake katoni ilikuwa mbili, moja juu ya nyingine. Mama akasema unaona, mtu ukimshukuru huongeza. Nikasema naona.

Hilo ndilo tatizo langu, na nalitaja sasa kwa sababu mbele litanitafuna. Mimi ni mkalimani asiyeweza kuacha mboga bila chumvi. Mama akisema mwambie bei haifai, mimi nasema, "Mama anasema tangu uliposema bei hiyo moyo unamwenda mbio, na hospitali ni mbali." Ayi ananitazama, anamtazama mama aliyesimama na afya yake tele, kisha ananiuliza swali lake la siku zote: "Hayo ni ya mama yako au yako?" Nami hujibu nusu kwa nusu.

Basi Babu akafa, na sisi hatukuwepo.

Ilikuwa likizo yangu, tumekwenda Dar, mama akisimamia mzigo na mimi nikisimamia chipsi mayai. Tuliporudi tulikwenda dukani kama kawaida. Kigoda kipo, chupa ipo juu yake, imeoshwa. Ayi akasema kwa sauti ya chini neno ambalo mama hakuhitaji mkalimani kulielewa. Mama alisimama pale mbele ya kigoda mpaka vijana wa mikokoteni wakaanza kumzunguka kama mti ulioota katikati ya barabara.

Kwetu mtu akifiwa unakwenda. Huulizi dini, huulizi mlikosana lini, unakwenda. Unakaa mkekani, unakula ubwabwa wa watu, ukiondoka unasema Mungu awape subira. Kukosa msiba wa jirani ni jambo ambalo litatajwa kwenye harusi ya mjukuu wako. Na mzee huyu kwa mama alikuwa jirani hasa, alimziba mgongo kila siku asikanyagwe. Mama alikonda usoni wiki ile. Alikuwa anapika, anazima jiko, anasema, "Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa nahesabu maboksi." Haniambii mimi. Anaiambia sufuria.

Kumbe mlango haukuwa umefungwa. Ayi alieleza, kupitia kwangu, kwamba kwao kuna siku ya arobaini na tisa. Wanasoma kisomo hekaluni, kwenye ukumbi wa ndani kabisa vinakowekwa vibao vya majina ya marehemu. Watalii hawaingii humo, wanaishia nje na simu zao. Wanaingia ndugu. "Njooni," akasema. "Babu yako atafurahi."

"Sisi tuna arobaini," mama akasema nilipomtafsiria, "wao wana arobaini na tisa."

"Hizo tisa za nini?"

"Za kusubiri forodha," akasema mama, na kwa mara ya kwanza tangu turudi nikamwona anataka kucheka. Watu wananiuliza utundu nimeutoa wapi.

Usiku wa kuamkia siku hiyo alinikalisha kitako.

"Sikiliza. Tunakwenda kutoa taazia. Hatuendi kuabudu. Nitasimama kwa heshima, nitaweka mkono kifuani, nitasema neno langu. Udi wao sitaushika na kuinama sitainama. Hilo umwambie Ayi pale getini, kabla hatujaingia, kwa adabu, asije akadhani namdharau baba yake."

"Sawa, mama."

"Na neno langu ulifikishe kama lilivyo. Usitie chumvi."

"Hata kidogo?"

"Hata ya kuonja. Nina siku moja tu ya kumpa pole mtoto wa watu, na sina mdomo mwingine ila huo wako. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Na ujiheshimu. Ile ni nyumba ya ibada ya watu."

Neno hilo la mwisho ndilo lililoniponza. Mengine yote niliyasahau vizuri, hilo nikalishika.

Asubuhi mama alivaa baibui jeusi lisilo na nakshi. Mimi nilitoka na fulana ya dinosaria anayepanda skuta. Alinitazama tu mpaka nikarudi kubadilisha mwenyewe. Tukapanda treni ya chini. Njia nzima mama alikuwa anarudia neno lake kwa midomo, bila sauti, kama mtoto anayekwenda kusoma kasida mbele ya wazazi.

Getini Ayi alitukuta amebeba mashada ya maua ya manjano, mfuko wa machungwa, na simu kaibana kwa bega, anaongea na ndugu fulani aliyepotea njia. Nikasema moyoni, mtu yuko kwenye simu, si adabu kumkatiza. Nitamwambia ndani. Ndivyo ninavyojijua: uvivu wangu siku zote huja umevaa nguo za adabu. Mama akampokea machungwa, wakatangulia wawili, mmoja na maneno yake matatu ya Kichina na mwingine hana hata moja la Kiswahili, na mimi nyuma yao nikishangaa.

Ua ulikuwa na mti mkubwa uliotandaza matawi mpaka juu ya paa. Watu wameshika vijiti vitatu vitatu vya udi, moshi unapanda. Na harufu ile, jamani. Ilikuwa harufu ya nyumba ya shangazi yangu Magomeni siku ya Ijumaa, na iliponipata puani miguu yangu ikanyooka yenyewe, mgongo ukanyooka, nikawa mtoto wa chuo. Maalimu wetu alikuwa anasimama mlangoni na fimbo nyembamba kama wazo, na hakutazama nyuso, alitazama visigino. Kisigino kikavu kilikuwa kinakula fimbo. Nikatazama vyangu. Nikatazama mtungi. Nikatazama kata.

Mengine mnayajua.

Mwanamke mmoja mzee, wa wale wanaojitolea hekaluni, mwenye kizibao cha kahawia na ufagio, alikuwa amesimama nyuma yangu. Sijui tangu lini. Hakupiga kelele. Aliuliza kwa upole, kama anayeuliza saa:

"Mtoto, unafanya nini?"

"Najisafisha, bibi. Nataka kuingia ndani."

"Humo wanakaa samaki."

"Ndiyo, nimewaona."

"Na wao wamekuona," akasema. Akainama kuchungulia. "Wamekwenda chini wote. Wameogopa."

Nilijaribu kutoa mguu kwa heshima, lakini hakuna namna ya heshima ya kutoa mguu kwenye mtungi. Nikayumba, nikajishikilia ukingoni, na soksi niliyokuwa nimeiweka hapo ukingoni ikaingia majini, ikazama taratibu kama manowari. Mimi na bibi tuliitazama mpaka mwisho.

"Kwetu," nikasema, "ukiingia nyumba ya ibada unanawa, halafu unavua viatu."

"Kwetu unavaa," akasema. "Sakafu ni baridi. Vaa."

Nikavaa raba kwenye miguu iliyolowa, bila soksi, maana ile moja iliyobaki sikuona maana ya kuipa cheo. Nikamwambia nakwenda ukumbi wa ndani, mama yangu yuko huko, kuna mtu amefariki. Uso wake ukabadilika. Akaegemeza ufagio ukutani akaniongoza mwenyewe, akinipa sheria njiani, na kila sheria ilikuwa inanipa picha ya kosa ambalo ningelifanya kama asingesema. Usipite mlango wa katikati, pita wa pembeni. Usikanyage kizingiti, kivuke. Usinyooshee sanamu kidole. Usipige picha. Usiongee wakati wa kisomo. Tulipita ukumbi mkubwa wenye masanamu ya dhahabu yaliyokaa kimya kama walimu wakati wa mtihani, tukapita ujia ambamo akina mama walikuwa wanakunja karatasi za rangi ya dhahabu, na kila hatua raba zangu zilisema pwach, pwach, pwach. Akina mama waliacha kukunja.

Kizingiti cha ukumbi wa ndani kilikuwa kirefu, ubao mzima. Nikasema hapa sikosei. Nikainua mguu kama mtu anayevuka mtaro wa maji machafu, nikaruka, nikatua ndani kwa miguu miwili. Pwach. Kizingiti sikukigusa hata kidogo. Kila kichwa kikageuka.

Kuta zilikuwa zimejaa vibao vidogo vya manjano kuanzia chini mpaka juu, kila kimoja na jina lake, na vitaa vyekundu vinawaka. Watawa walikuwa wanasoma kwa sauti moja iliyopanda na kushuka, mmoja wao akigonga kigogo cha mbao, tok, tok, tok. Ndugu wachache wamesimama kwa safu. Na pembeni ya meza ya matunda, mama yangu.

Alikuwa ameshika vijiti vitatu vya udi vinavyofuka moshi. Ameushika mkono mbali na mwili, kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa mwenzake na mtoto amekojoa. Hakuweza kuviachia, ingekuwa dharau. Hakuweza kuendelea kuvishika, kulikuwa na mpaka aliojiwekea yeye na Mola wake. Hakuwa na neno la kusema ila sitaki, na neno hilo alijua halisemwi mbele ya marehemu wa watu. Majivu yalikuwa yanamdondokea kwenye baibui na yeye hapepesi macho. Aliponiona alinitazama mara moja tu, kutoka usoni kwenda miguuni, na nikaona nimeshahukumiwa, kilichobaki ni tarehe.

Nikamfikia Ayi, aliyekuwa anapanga machungwa mezani. Nikanong'ona haraka haraka, "Ayi, nisamehe, nilitakiwa nikwambie mapema. Mama hawezi kushika udi. Si dharau kwa Babu. Ni dini yetu. Na kuinama pia. Nilitakiwa nikwambie getini."

Ayi akaweka chungwa la mwisho. Akamgeukia mama, akavichukua vile vijiti mkononi mwake kwa mikono miwili, akampangusa majivu kwenye baibui.

"Najua," akaniambia. "Nilimpa anishikie tu, mikono yangu ilikuwa imejaa. Baba alimtandikia katoni miaka yote. Unadhani mimi dukani nilikuwa nimefumba macho?"

Nikamtafsiria mama. Akashusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishikilia tangu getini. Kwa hiyo mpaka hapo hesabu ilikuwa hivi: wanawake wawili wasio na lugha moja walikuwa wameelewana vizuri tu, na mtu pekee aliyeajiriwa kuwaelewanisha ndiye aliyekuwa anaoga na samaki.

Kisomo kikapumzika. Ayi akasimama mbele yetu, mgongo wake kwenye kibao cha baba yake. Mama akaweka mkono kifuani.

"Mwambie," akasema, na sauti ilikuwa ndogo. "Baba yako alikuwa jirani yangu. Alinilinda mgongo nikiwa naswali, na hakunidai hata ahsante. Siku aliyoondoka nilikuwa safarini. Sikumzika. Sikukaa nawe hata siku moja. Naomba uniwie radhi. Mungu akupe subira."

Nikafungua mdomo. Kutafsiri kwa chumvi ni rahisi, unamwaga tu maneno na watu wanacheka, hakuna anayeona kilichopungua. Bila chumvi kila neno linasimama peke yake na wewe ndiye uliyelisimamisha. Nililipeleka moja moja. Nilipofika kwenye "safarini", Kichina changu kilichonyooka kikajikunja, nikalirudia neno mara mbili. Lakini nilifika mwisho.

Ayi alinitazama, akamtazama mama. Kisha akaniuliza, na hakuwa anatania:

"Hayo ni ya mama yako au yako?"

Hapo nikaona mavuno yangu yote. Miaka ya "hospitali ni mbali" na "moyo unamwenda mbio", sasa nimeleta kitu cha kweli na mnunuzi anakigeuzageuza akitafuta alama ya bandia. Nikamtazama mama. Alikuwa ananitazama mimi, anasubiri ajue neno lake limefika au limeanguka njiani.

"Ya mama," nikasema. "Yote. Sikuongeza kitu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, Ayi."

Alimgeukia mama. Kisha akanyoosha mkono, mama akaudaka kwa mikono yake yote miwili, wakashikana hivyo, na mimi nikafikiri imekwisha, nimepona. Ndipo Ayi akanigeukia tena.

"Na yako?"

Nikatazama chini. Maji yalikuwa yanatoka kwenye raba zangu, yametengeneza kidimbwi kwenye sakafu ya ukumbi ambao watalii hawaruhusiwi hata kuuchungulia.

"Mimi," nikasema, "nilinawa miguu kwenye mtungi pale uani. Sikujua una samaki. Wameogopa wote wamekwenda chini. Nilitaka nikiingia kwa Babu niwe msafi."

Ayi alinitazama miguu. Mabega yake yakaanza kutikisika. Akaziba mdomo kwa mkono uliobaki, macho yakajaa, na mpaka leo siwezi kusema kicheko kiliishia wapi na kilio kikaanzia wapi, maana vilipita mlango mmoja. Sauti fulani ikamponyoka. Mtawa mmoja akafumbua jicho. Ndugu wakasogea. Na mama, ambaye hakuelewa hata neno moja, aliyeona tu kwamba amempa mfiwa taazia na mwanawe akafungua mdomo na mfiwa akapasuka mbele ya kibao cha baba yake, alinifinya. Alinifinya pale chini ya kwapa ambapo akina mama wa pwani huonyeshana mahali pake kabla hawajaolewa. Nilisimama wima mpaka kisomo kilipoisha, nikiwa na heshima kuliko mtu yeyote mle ndani.

Tulipotoka Ayi alimpa mama machungwa mawili. Akamshika bega, akasema neno, akaondoka na ndugu zake. Nilitaka kulitafsiri, mama akaniinulia kiganja.

Tukapanda treni. Tukapanda ngazi za kutokea. Tulitembea barabara ya Huanshi Zhonglu katikati ya watu wenye mizigo, na mimi najitungia: utetezi wa kwanza, utetezi wa pili, uwezekano wa kuzimia. Tukaingia kwenye mkahawa tunamokunywaga chai, tukakaa. Akamenya chungwa moja lote, bila haraka, akaliweka mbele yake.

"Ulimwambia nini yule mtoto wa watu?"

Nikamwambia. Lake nilivyolifikisha, swali la Ayi, jibu langu, swali la pili, samaki. Sikutia chumvi, nilikuwa nimeishiwa. Nikamwambia na lile neno la mwisho, alilolisema akiwa amemshika bega: kwamba baba yake alikuwa mtu wa kucheka, na tangu afe watu wote wanaokuja wanakuja na nyuso ndefu, mpaka yeye mwenyewe alianza kumsahau, na leo amemkumbuka.

Mama alitafuna kipande cha chungwa. Akatazama nje, mikokoteni inapita. Akanisukumia vipande vilivyobaki, akasema:

"Siku yangu mimi ikifika, we chekesha watu utakavyo. Ila usiwe safarini."